Wifi Yangu Asiyejua Kupatana Bei

Wifi yangu hajawahi kupunguziwa bei ya kitu chochote, kwa sababu hajawahi kuomba. Akitajiwa bei, analipa. Akiambiwa uzi umepanda, analipa, kisha anampa pole muuza uzi kana kwamba aliyepandiwa ni yule. Wiki ile ndugu yangu alipomleta kwetu, nilimpeleka sokoni niuone mkono wake. Alinunua sufuria kwa bei ya kwanza iliyotamkwa. Muuzaji mwenyewe alishikwa na haya, akamwongezea mfuniko. Niliporudi nikamwambia ndugu yangu, "Hongera, bwana. Umeoa mkoba usio na zipu."

Alicheka. Ni dereva wa malori ya safari ndefu, watu wanamwita Breki, na jina hilo walimpa kwa kejeli, maana kusimama hajui. Analala nyumbani siku nne kwa mwezi, na hizo nne anazilala kweli.

Mimi nauza vitanda na magodoro yaliyokwisha kulaliwa. Hoteli ikifilisika, hosteli ikifungwa, niko mlangoni kabla ya wanaodai kodi. Nilianza na kitanda kimoja, tena kilikuwa changu. Nililala chini miezi mitatu mpaka nikapata viwili. Leo nina ghala, gari dogo la mizigo, na jina: Mama Magodoro. Sijui kulia mbele ya muuzaji, wala sijui kumwonea huruma mnunuzi. Kwa hiyo mnielewe nikisema kwamba kwa miaka kumi na minne nilimdharau wifi yangu, na sikuona sababu ya kuficha.

Kazi yake ni ushonaji. Amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: cherehani mbele, meza ya kukatia katikati, sare za shule zimening'inia ukutani kama darasa lisilo na vichwa. Anashona huku pini ziko mdomoni, safu nzima, kwa hiyo mteja akimmwagia shida zake yeye huitikia "mm." Watu walikuwa wakitoka pale wakisema fundi yule ana busara. Busara gani? Mtu ana pini kumi mdomoni, mlitaka aimbe?

Ana mtoto mmoja, wa kike. Mtaa ulimwita Pini, kwa sababu ya kazi ya mama yake, kwa sababu ya wembamba wake, na baadaye kwa sababu ukimgusa unachomwa. Mpaka miaka kumi na moja alikuwa mtoto kama watoto. Kisha kitu kikakatika. Alianza kwa kuvunja vyombo. Akafuatia na kutoroka: siku moja, siku mbili, anarudi na viatu vya mtu mwingine, ukimuuliza anakutazama kama umemwuliza kwa lugha ya ng'ambo. Shuleni alimrushia mwalimu kiti. Shule ikamrudisha nyumbani na barua yenye mhuri. Shule zetu huwa hazina chaki lakini wino wa mhuri haukosekani.

Ndugu wakaja na ushauri. Ushauri ndicho kitu pekee ambacho ukoo wetu hutoa bila kuombwa. Mmoja akasema mtoto anadekezwa. Mwingine akasema hapigwi vya kutosha. Wa tatu, ambaye watoto wake wote watatu hawamsalimii, akasema tatizo ni malezi. Breki akapiga simu kutoka barabarani, akasema, "Ni utoto tu huo, dada. Utapita."

"Vinavyopita vyenyewe ni malori yako," nikamwambia, nikakata.

Wanaishi ghorofa ya kwanza, juu ya lile duka. Alasiri moja Pini alipanda ukingo wa roshani, akajiachia. Chini kulikuwa na rundo la mchanga wa kuuza, lililoletwa asubuhi ileile. Alivunjika mguu tu. Alipoulizwa hospitalini kwa nini, alisema hakutaka kufa, alitaka kichwa kinyamaze.

Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha wiki nzima. Alizungumza na mtoto muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akatuita sisi wawili.

"Huyu anahitaji kulazwa, lakini si hapa. Anahitaji mahali pa kukaa miezi kadhaa, apate dawa, apate mtu wa kuzungumza naye, aangaliwe mchana na usiku. Hapa wodi ya watoto ya namna hiyo hatuna. Nikimlaza, nitamlaza na watu wazima, na sitaki."

"Wapi basi?" nikauliza.

Akaandika nyumba tatu kwenye karatasi. "Hizi nimezisikia tu, mama, sijafika. Na bei sijui. Mimi mwenyewe sidhani kama ningeweza."

Daktari anakwambia dawa ipo, ila hata yeye hawezi kuinunua! Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake.

Siku ya tatu wifi alikuja ghalani kwangu, akasimama kati ya magodoro na ile karatasi mkononi. Hakuwa na pini mdomoni, nikajua kuna neno.

"Wifi, nataka twende wote kwenye hizi nyumba."

"Una mdomo, una miguu. Mimi wa nini?"

"Nikienda peke yangu nitasema ndiyo kila mahali."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akijitathmini sawasawa. Nikafunga ghala.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na chemchemi ya maji getini na majani yaliyokatwa kama nywele za bwana harusi. Alitupokea mwanamke aliyenukia kuanzia mlangoni. Akasema, "Hapa hatutumii neno mgonjwa. Tunasema mgeni."

"Na mgeni analipa?"

Akatabasamu, akatutembeza. Akatuonyesha bwawa la kuogelea, chumba cha rangi na brashi, farasi mmoja mzee ambaye kazi yake, alisema, ni kuguswa. Niliomba kuona chumba cha kulala. Nikabonyeza godoro kwa ngumi: sponji ya inchi nne, ndani ya foronya ya maua iliyotunishwa ionekane inchi nane. Basi nikajua na mengine yametunishwa vivyo hivyo.

Kisha bei ikatajwa, ya mwezi mmoja. Kwa bei ile unanunua kiwanja, hata kama ni bondeni.

"Sawa," akasema wifi.

Nikamfinya. "Si sawa. Mnapokea nusu?"

"Tuna utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, mama."

"Kidogo kidogo yenu ndiyo kubwa kubwa yangu. Tumsalimie farasi, twende."

Nyumba ya pili bei yake ilikuwa tamu. Iliniita tangu barabarani. Mwenyewe alijiita Daktari.

"Daktari wa nini?" nikamwuliza.

"Wa tabia."

Nikamkumbuka palepale, na yeye akanikumbuka, akafurahi kama tumekutana harusini. Mwaka uliopita nilimuuzia vitanda kumi na viwili vya chuma, vya ghorofa, akaniambia ni vya hosteli ya wanafunzi. Nilimpandishia bei, akalipa, nikamwona mjinga. Sasa nikavikuta vitanda vyangu vyote kumi na viwili katika chumba kimoja, havina nafasi hata ya kupita upande upande, na kila kitanda, juu na chini, watoto wawili wawili. Mlango ulikuwa na komeo kwa nje. Dirishani alisimama msichana mdogo, nywele zimenyolewa, ameshika nondo.

"Leo siku gani?" akatuuliza.

"Jumanne," akajibu wifi.

"Ya mwezi gani?"

Wifi aligeuka akatembea mpaka getini, na yule Daktari akatufuata nyuma akipaza sauti, "Bei tunaongea, mama! Bei si msahafu!" Nilitoka bila kupatana. Sijawahi kuacha bei nzuri namna ile chini na kuondoka.

Wifi alimpigia simu yule kijana wa hospitali, akamweleza alichokiona. Naye akawaeleza watu wa ustawi wa jamii, ambao walichukua wiki tatu kuvuka mji, lakini walifika. Watoto wakatolewa, nyumba ikafungwa. Vile vitanda niliitwa kuvinunua tena. Nikavinunua. Mnataka niwaambie nilivitupa? Chuma hakina kosa. Ila wakati ule wa kwanza ningeweza kuuliza hosteli hiyo ya wanafunzi iko wapi, na sikuuliza, kwa sababu faida ilikuwa nzuri.

Nyumba ya tatu ilikuwa pembezoni, zamani ofisi za kampuni ya maji. Ilikuwa ya muuguzi mstaafu, mwanamke mnene, mfupi, mwenye saa ya kubandikwa kifuani, wote wanamwita Matroni. Watoto kumi na wanne, vitanda kumi na sita. Nilihesabu. Magodoro yalikuwa ya zamani lakini makavu, mashuka yamechanika lakini yananuka sabuni. Jikoni nilifunua sufuria bila kuomba ruhusa, Matroni akaniacha, akanipa na mwiko. Hakuna komeo la nje hata moja. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi ya kijani. Mlango umefungwa, ndani mtu anaongea polepole, na mtoto analia bila kukatazwa.

"Hapo ndipo mshauri anapokaa nao," Matroni akasema. "Mmoja mmoja."

Pini tulikuwa tumemleta, mguu umefungwa plasta. Alitazama uwanja, akatazama watoto, akasema neno lake la kwanza siku ile: "Hapa si pabaya." Kwake hiyo ni sifa kubwa. Wifi akanitazama kama mtu aliyeona gauni lake kwenye kioo cha duka.

Hapo bei ikatajwa. Haikuwa ya farasi, lakini ilikuwa ya kuifikia kwa ngazi, na sisi tulikuwa na kigoda. Nikamwambia wifi, "Nenda kakae nje na mtoto. Kuanzia hapa ni kazi yangu." Akatoka.

Nilimkabili Matroni siku mbili. Siku ya kwanza nilimsifia jiko. Nikamwambia paa lake linavuja, akasema anajua. Nikamwambia ana vitanda viwili vitupu, na kitanda kitupu ni hasara inayokula. Akasema hilo pia analijua. Siku ya pili nikakaa bila kusema kitu mpaka akachoka yeye. Ile ndiyo silaha yangu kubwa, mwache muuzaji asikie ukimya wake.

"Mama," akasema hatimaye, "siwezi kushusha bila kutoa kitu. Sina mfadhili. Nishushe nini, chakula?"

"Toa kisicho cha lazima."

"Kinachokula fedha ni vikao vya mshauri. Analipwa kwa saa."

"Vikao vya kufanya nini?"

"Vya kuongea."

Nilicheka kwa sauti. "Kuongea! Matroni, kuongea anaongea nyumbani bure."

"Nakuomba ufikiri. Rahisi huvunja upishi."

"Nimeshafikiri. Weka dawa, chakula, masomo, na mtu wa kumwangalia asipande juu ya kitu. Maongezi tutayaona mbele ya safari."

Aliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nikamwambia sijawahi kukosa hakika tangu nivunje ungo. Akaandika, nikasaini kama mlezi. Nilikuwa nimeshusha theluthi nzima. Nilitoka pale kifua mbele.

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha, Pini pembeni yake.

"Nimeshusha theluthi," nikamwambia.

"Ahsante, wifi." Kisha akauliza, "Wametoa nini?"

"Kutoa nini?"

"Mimi mteja akinibana bei, natoa bitana. Nguo ukiitazama kwa nje ni ileile. Nauliza wao wametoa nini."

"Upuuzi tu," nikasema. "Sahani za maua."

Nilimdanganya bila hata kujua kama nadanganya. Kwangu ulikuwa upuuzi kweli.

Tukaanza kwenda kila Jumapili. Wiki ya kwanza mtoto alilala. Ya pili aliongezeka shavu. Ya tatu plasta ilitolewa, akatembea hadi getini kutupokea, na mimi nikawa nawasimulia watu sokoni namna nilivyopata matibabu ya daraja la kati kwa bei ya jumla. Breki alirudi safari, akaenda mara moja, akasema, "Si nilisema utapita?" Nilimtazama, nikaona mate yangu yana kazi bora.

Wiki ya sita tulimkuta uwanjani na ufagio. Amekuwa mpole, lakini upole wa kitu kilichozimwa swichi. Mama yake akamwuliza anaendeleaje na yule mshauri.

"Yupi?"

"Wa chumba cha kijani."

"Wenzangu ndio wanaingia," Pini akasema. "Wao wakiingia, mimi nafagia."

"Kwa nini huingii?"

Mtoto akanitazama mimi, si mama yake. Kisha akaendelea kufagia.

Wifi akageuka. Kwa miaka kumi na minne nimemwona yule mwanamke akikubali, akiitikia, akitoa hela. Sikuwahi kumwona akinitazama vile.

"Wifi. Zile sahani za maua."

"Nilifikiri ni maongezi tu..."

"Uliwaambia wamtoe?"

"Nilishusha theluthi! Ulikuwa nayo hiyo theluthi? Ungeitoa wapi, kwenye vifungo vya sare?"

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wametoa nini."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonikera. Mtu akikupigia kelele unampigia na wewe, mnalingana. Aliniacha nimesimama pale, akaenda ofisini kwa Matroni. Nikamfuata. Akaniambia nibaki nje. Nikabaki, lakini mlango ulikuwa wazi, na masikio yangu hayajawahi kupokea amri.

Nilichosikia ndicho kikao kibaya zaidi cha kupatana bei katika historia ya wanadamu.

"Matroni, mashuka yenu yamechanika," wifi akasema. "Mapazia hayafiki chini. Watoto wawili nguo zinawabana, yule mrefu suruali imempita kifundo. Nitashona vyote. Mtoto wangu aingie chumba cha kijani."

Anaanza kwa kutoa! Hata hajaulizwa!

"Kwa muda gani?" Matroni akauliza.

"Mpaka apone."

Nilishika ukuta. Mkataba usio na mwisho! Na nani atasema amepona? Mimi siandiki hata risiti ya foronya bila tarehe.

"Vikao viwili kwa wiki," akasema Matroni.

"Sawa."

Nikaingiza kichwa. "Vitatu!"

"Wifi," akasema bila kugeuka, "toka nje."

Nikatoka. Sijui miguu ile ilikuwa ya nani.

Basi kuanzia wiki ile chumba cha wifi kikawa kama dobi amefia humo. Mashuka hapa, mapazia pale, sare za wateja zimesukumwa kwenye kona. Alifunga kazi ya watu kila Jumamosi kwa ajili ya kazi ya Matroni. Akapoteza shule moja yenye wanafunzi mia tatu, kwa sababu alichelewesha kaptula. Mimi nilibeba mizigo kwa gari langu, kwenda na kurudi, mafuta yangu. Na kuna bunda la mashuka ya hoteli, mazito, karibu mapya, nililitoa ghalani likaingia kwenye ule mzigo. Msinisifu. Yalikuwa na nembo ya hoteli iliyofungwa kwa kashfa, hayauziki haraka.

Breki alirudi akakuta kitanda chake kimejaa mapazia. Akauliza atalala wapi. Mkewe akampa pasi.

"Mimi ni dereva," akasema.

"Hiyo nayo ni usukani," nikamwambia. "Tofauti yake ukisinzia unajiunguza wewe tu."

Akapiga pasi. Aliunguza pazia moja, la pili likanyooka.

Mwezi wa nne mshauri akatuita wote watatu. Ni binti mdogo, viatu vya chini, sauti ya mtu anayesoma kwa ajili ya kipofu. Tukaingia chumba cha kijani. Niliubonyeza mto wa kiti kabla ya kukaa, mazoea. Akatuambia sharti ni moja tu. Anayeongea ni Pini, wengine tunasubiri mpaka aseme amemaliza.

Pini alikuna ule mguu uliokuwa na plasta. Kisha akasema, "Shangazi, siku ile tulikuwa chini ya dirisha."

"Siku gani?"

Mshauri akainua kidole. Nikafunga mdomo.

"Siku ya bei. Mama hakusikia, alikuwa anajaza fomu. Mimi nilisikia. Ulisema kuongea naongea nyumbani bure."

Nilikuwa na majibu sita, yote mazuri, yamejipanga foleni.

"Nyumbani nilikuwa naongea na nani?" akauliza. "Mama ana pini mdomoni, anasema mm. Baba yuko barabarani. Wewe ukija unakuja kupima kitu. Nilipovunja sahani ya kwanza, mama alitoa pini. Ndiyo nikajua."

Wifi aliweka mkono mdomoni. Breki alitazama sakafu kama anatafuta kanyagio. Mimi nilitaka kusema kwamba bila hiyo theluthi asingekuwa amekaa pale kabisa, na hilo ni kweli mpaka leo. Mshauri akasema, "Bado hajamaliza."

Hakuwa amemaliza. Aliendelea dakika arobaini. Alisema juu ya kichwa kinachopiga kelele, juu ya mwalimu, juu ya zile siku alizotoroka, na mambo mengine ambayo si ya kuandika hapa kwa sababu ni yake. Kwangu ukimya ni mtego wa kumtegea muuzaji, kila nikikaa kimya kuna kitu nakipata kwa bei rahisi. Siku ile nilikaa kimya na sikupata punguzo lolote.

Tulipofika chumbani kwake, wifi alichukua kipande cha sponji kutoka kwenye gari langu, bila kuuliza bei wala ruhusa, akakifunika kitambaa, akakifunga kwenye mkono wa cherehani. Pini zote akazichomeka humo.

Mtoto alitoka mwezi wa nane. Matroni alisema ameruhusiwa, hakusema amepona, na mimi nasikia tofauti za namna hiyo hata nikiwa usingizini. Anakunywa dawa kila siku, anarudi chumba cha kijani kila Ijumaa. Shule imempokea nyingine, mbali kidogo. Mwezi uliopita alivunja sahani moja. Sahani moja kwa mwezi ni bei nafuu, nimewahi kuona hoteli zinazovunja zaidi. Na wifi bado anashona mapazia ya Matroni, kwa sababu alisema mpaka apone, na hakuna aliyejua kuweka tarehe. Nimemwambia niende nikaurekebishe ule mkataba. Amekataa mara tatu.

Juzi nilipita pale kuchukua foronya. Kulikuwa na mzee mmoja anasubiri suruali ya harusi, imebaki upindo wa mguu mmoja tu, cherehani inakimbia. Pini akaingia kutoka shule, akaubamiza mlango, sare ukutani zikatikisika.

"Nimekasirika," akasema.

Mama yake akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Na nani?"

"Na wewe."

"Kaa."

Akavuta kigoda. Mtoto akakaa, mkoba bado mgongoni. Wifi akaisogeza ile suruali pembeni, mikono mitupu juu ya magoti.

"Na suruali yangu?" akauliza mzee.

"Kesho, baba."

"Kesho? Harusi ni leo jioni!" Akanigeukia mimi, maana uso wangu ni wa kazi. "Mama Magodoro, wewe mtu wa biashara, hebu mwambie huyu. Mguu mmoja tu!"

Nilimtazama wifi. Mteja amesimama, fedha ziko mkononi mwake, dakika tano tu za kazi. Fundi mwenye akili angemaliza kwanza, mtoto angengoja. Hata mimi ningemaliza kwanza.

"Mzee," nikamwambia, "hapa huwa hawapunguzi, na siku hizi wala hawaharakishi. Lete hiyo suruali, kona ya pili kuna fundi mwingine, nitakupeleka kwa gari."

Akanifuata akilalamika njia nzima. Wifi kapoteza mteja mwingine. Nilipokuwa nafunga mlango, Pini alikuwa ameanza kusema, haraka haraka, amekunja uso, na mama yake hakuwa akisema hata "mm."